Shahidi wa Ua la Buluu

4 Aprili

Mpwa wangu,

Sisi huku hatujambo, kwa kiwango cha wazee. Mke wangu mguu umetulia, ila malalamiko ameyahamishia kwenye paa. Linavuja upande wake wa kitanda tu, na anaamini nililipanga hivyo. Binti yetu amejifungua salama mtoto wa kike. Wanasema ana sauti kubwa, nyumba nzima hailali. Mimi nalala. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na masikio yaliyoliwa na trekta. Kwa hiyo usinipigie simu, maana mara ya mwisho nilisikia kama mtu anakaanga vitunguu. Niandikie. Macho yangu bado mazima.

Mama yako mzima? Nisalimie, kama salamu zangu anapokea siku hizi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Trekta letu la kufyekea liliharibika gia tangu mwezi wa pili, na kipuri mpaka leo kiko njiani. Tangu niwe nyapara wa wafyekaji, sijapata kuona majani ya kando ya barabara yakifika kiunoni. Mkandarasi anapiga kelele kila asubuhi, nami naitikia ndiyo bwana, kwa kuwa simsikii. Juzi nikatoka kwa miguu kukagua kipande cha baada ya daraja, pale penye udongo mkavu wa changarawe, mpaka kwenye jiwe la kilomita. Nikakuta maua ya buluu. Si moja wala mawili, ni kundi zima, yametawanyika katikati ya nyasi.

Mpwa wangu, mimi nimefyeka kipande kile tangu sijaota ndevu, kwa panga kabla trekta halijaja, na sijawahi kuona ua la buluu pale. Nilikaa chini palepale. Vijana wangu walidhani nimeanguka.

Nakutumia moja. Wewe ndiye unayebandika mimea mikavu kwenye makaratasi huko chuoni, basi muulize yule mkubwa wako mwenye lenzi shingoni hili ni ua gani. Usimwonyeshe mama yako kwanza. Nina sababu zangu.

Mjomba wako, mwenye masikio ya mapambo


2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Hongera ya mjukuu. Mwambie dada nitamletea shuka la mtoto, asinunue. Mimi sijambo, ila chumba chetu cha mimea kinavuja pia, kwa hiyo mwambie mkaza mjomba kwamba hukulipanga, ni mapaa tu ya dunia nzima. Mama anakusalimia. Hapana, nisiseme uongo. Nilipotaja salamu zako alisema "haya", na hiyo nimeihesabu kuwa salamu.

Ua lako limefika likiwa mchuzi. Mjomba, ulilifunga kwenye mfuko wa nailoni! Mmea hukaushwa, hauvundikwi kama ndizi. Chukua tena, safari hii mmea wenyewe, si ua peke yake: shina lake, majani yake, na kipande cha mzizi. Kipande, usiung'oe wote. Utandaze katikati ya magazeti, weka kadibodi juu na chini, kisha kitu kizito. Kila siku badilisha magazeti mpaka ukauke. Mkubwa wangu (tunamwita Lenzi, na anajua) anasema ua bila majani ni kama mtu aliyeleta kofia akauliza mwenyewe ni nani.

Kuna jambo lingine. Mama aliiona bahasha mezani akajua mwandiko wako. Aliuliza kaka yake kaandika nini. Nikasema anauliza habari za mmea fulani. Akaacha sindano hewani, akauliza mmea wa rangi gani. Nikamwambia sijui, umeoza, na kwa kweli ulikuwa umeoza. Akarudi kwenye sindano yake.

Nami nikakumbuka kitambaa cha meza kilichoko chini kabisa ya sanduku lake, ambacho hakitandiki, hakitoi, wala haruhusu kiguswe. Kina maua ya buluu. Wewe unajua habari zake?

Mpwa wako


23 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Mjukuu anaongezeka uzito, paa limezibwa kwa lami ya kazini (usimwambie mkandarasi), na mke wangu amekosa la kusema, hali inayomsumbua kuliko mguu.

Nimefuata maagizo yako yote. Kwa uzito nilitumia betri ya trekta, kwani kwa sasa haina kazi nyingine. Nilikuwa nabadilisha magazeti kila jioni mpaka mke wangu akauliza tangu lini majani yanatandikiwa kitanda kuliko yeye. Nimekutumia mimea miwili, kwa sababu nilipoitazama kwa karibu niliona haifanani. Maua ya mmoja yanatoa kitu kama ulimi wenye ncha mbili, ya mwenzake hayana. Nikadhani mmoja ni mgonjwa. Utaona mwenyewe. Mzizi wake nao si wa mchezo. Ni mnene na mgumu kama mpini wa jembe, umezama chini kabisa, nami nilikata kipande kidogo tu kama ulivyosema.

Kipuri kimefika. Dereva wa trekta, yule tunayemwita Kiberiti kwa hasira zake, nilimwambia akifika pale baada ya daraja ainue visu. Akauliza kwa nini. Nikasema pana mawe. Naye amefanya kazi pale miaka, anajua hapana mawe. Alinitazama, akainua.

Habari za kitambaa cha mama yako ni mambo ya zamani, sikumbuki vizuri. Tuyaache.

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba wangu, shikamoo, na pole na kazi.

Mimea imefika salama, mikavu na iliyonyooka. Lenzi amekusifu. Alisema betri ya trekta haijawahi kutajwa katika fani hii lakini inafanya kazi.

Sasa nikueleze alivyoutambua. Alianza na majani. Anasema watu wote huanza na ua, ndiyo maana watu wote hukosea. Majani yamekaa mawili mawili, yanatazamana, na yameshika shina bila kikonyo. Akaniambia nitazame kati yao, pale yanapokutana na shina. Pana ukingo mdogo wenye nyuzinyuzi, kama pindo la nguo lililofumuka. Hapo akasema huu ni ukoo wa mbuni. Ndiyo, Mjomba, ua lako ni jamaa ya kahawa unayokunywa asubuhi. Kisha ndipo akaja kwenye ua: mrija mwembamba unaofunguka vipande vitano. Ile mimea miwili hakuna mgonjwa. Mmea huu huja kwa namna mbili. Kwa mmoja, kijiti cha kike chenye ncha mbili hutokeza nje. Kwa mwingine hujificha ndani na vya kiume ndivyo hukaa mlangoni. Kila mmoja unamhitaji mwenzake ili upate mbegu. Na ni mmea wa kudumu: juu hukauka, mzizi hubaki hai chini, ukichipuka tena mvua zikija. Unaweza kufyekwa kila mwaka usife. Kitabuni unaitwa Pentanisia. Jina la nyumbani hatukulipata.

Sasa lile ulilosema tuliache. Mimi sikuliacha.

Mama alipokwenda kliniki nilifungua sanduku nikakitandaza kile kitambaa mezani, kando ya mimea yako. Vipande vitano. Majani mawili mawili. Na baadhi ya maua yana uzi mwembamba wa ncha mbili unaotokeza, mengine hayana. Zote mbili, Mjomba, katika kitambaa kimoja. Nilikipiga picha, na Lenzi nilipomwonyesha kesho yake alikagua kila ua kwa lenzi. Alisema hivi havibuniwi, huyu aliona.

Mama alirudi kabla sijakikunja. Alipita akaweka mkono mezani, na mkono ndio uliomwambia, si macho. Hapo lazima nikuambie jambo nililokatazwa. Mama ana presha ya macho. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi. Matone anayotia ni ya kulinda kilichobaki, nacho ni kidogo. Alinikataza nisikuambie kwa sababu hataki umwonee huruma.

Alinieleza yote akiwa amesimama, mkoba bado begani. Kwamba aliyaona maua hayo akiwa msichana mdogo, mwaka ambao barabara haikufyekwa. Kwamba alipokuwa mdarizi alikuja mnunuzi wa vitambaa vya hoteli, anayetaka maua halisi ya nchi hii, kila meza ua lake, na alipenda kila alichoonyeshwa mpaka alipofika kwenye hilo la buluu. Akasema hili la kubuni, na kama moja ni la kubuni, yaliyobaki nayo yana mashaka. Mama akasema, muulizeni kaka yangu, ndiye anayefyeka barabara ile. Ukaitwa. Ukaulizwa mbele ya watu. Ukasema hujawahi kuliona.

Kazi ikaenda kwa wengine. Ndiyo maana mimi nimekua nikimwona akishona nembo za shule kwa cherehani, vitabu na mienge, vitabu na mienge, na sijapata kumwona akidarizi ua.

Nilimpa mmea wako. Alitembea nao mpaka dirishani, akausogeza karibu na pua. Ukikauka hupoteza rangi, Mjomba, umekuwa kama majivu. Akasema, "Langu lilikuwa buluu," akanirudishia.

Maua yatatoka tena mwaka kesho. Sijui yeye atakuwa amebakiwa na nini. Mwandikie. Mwandikie yeye, si mimi.

Mpwa wako


18 Agosti

Mpwa wangu,

Huku kavu. Vumbi la barabarani limeingia mpaka kwenye chumvi. Mjukuu amekohoa akapona. Mke wangu anakusalimu na anauliza shuka liko wapi.

Barua yako nimekaa nayo mfukoni mpaka imechanika kwenye mikunjo. Kipande kile sasa hakina kitu, juu vijiti tu, anayepita hajui kama pana chochote.

Unaniambia nimwandikie. Nimwandikie nini? Niliulizwa: ua hili umeliona? Nikasema sijaliona. Nami kweli sikuwa nimeliona. Ningesema nimeliona ningekuwa shahidi wa uongo, na babu yako hakutulea hivyo. Muulize mama yako kama alitulea hivyo.

Sasa najua kwa nini sikuliona. Kila mwaka tulikuwa tunafika pale wiki chache kabla halijachanua, maana ndivyo ratiba ilivyo, mvua zikianza tu tunafyeka kutoka darajani. Mimi mwenyewe, kwa panga langu, ndiye niliyekuwa nalikata. Halafu nikaitwa kulitolea ushahidi. Nikilifikiria hilo siwezi kula. Lakini mtu ahukumiwe kwa asichokijua?

Mwambie pole ya macho. Hapana, usimwambie, atajua kwamba umenieleza.

Mjomba wako


10 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Shuka liko tayari, nitalileta kwa mkono. Nasema hivyo makusudi, utaona mbele.

Nilimsomea mama barua yako, yote. Unisamehe. Nilichoka kuwa ukuta kati yenu, kila mmoja akinipigia mpira wake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea akasirike. Alisema hivi, nami nayaandika kama alivyoyatamka: "Hakusema uongo. Hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa mwongo ningemsamehe zamani. Mimi nilitaka aongeze neno moja tu. Aseme, mimi sijaliona, lakini huyu dada yangu hasemi uongo."

Baada ya hapo alikwenda kusuuza vikombe visivyokuwa vichafu.

Kazini wamemwondoa kwenye cherehani. Mwezi uliopita nembo za shule nzima alizishona mwenge ukiwa umeinama, na mwalimu mkuu akazirudisha. Sasa amewekwa kwenye kukata nyuzi zilizobaki, anazitafuta kwa kidole. Nikimwuliza siku ilikwendaje anasema ilikwenda.

Lakini juzi akiwa anakunywa chai alisema mwenyewe, bila kuulizwa, "Yeye hasikii, mimi sioni. Tukikaa pamoja tunatoa mtu mmoja mzima, na makombo." Akacheka. Mjomba, ni muda mrefu sijamsikia akicheka akikutaja. Ningekuwa wewe nisingengoja.

Mpwa wako


19 Januari

Mpwa wangu mpendwa,

Nimechelewa kujibu, ninajua. Nimeanza barua nne na zote nimewashia jiko. Mke wangu amesema ya tano nisipoituma ataiandika yeye, na yeye hana adabu kama mimi.

Mvua zimeanza. Mtoto anasimama kwa kushika viti. Mimi si nyapara tena.

Ilikuwa hivi. Mkandarasi alitaka tuanze mapema na tufyeke hadi udongoni. Nilipaka chokaa mawe nikayapanga kuzunguka kile kipande, nikamwambia humo hatuingii. Akauliza nani amesema. Nikamwambia mimi. Akasema mengi, wenzangu walinieleza baadaye. Palepale niliona mdomo wake tu. Sasa naziba mashimo ya lami, na unyapara amepewa Kiberiti. Nilidhani ndio mwisho wa maua. Lakini akifika pale anainua visu mwenyewe, halafu anatazama upande mwingine kana kwamba kuna ndege. Sikumwomba.

Machipukizi yametoka. Majani mawili mawili, yanatazamana. Siku hizi nayatambua kabla ya ua, kama Lenzi wenu.

Njooni mwanzoni mwa Aprili. Chumba cha mbele ni chenu, na hakivuji.

Ukurasa wa pili ni wa mama yako. Nimeuandika kwa herufi kubwa na kalamu ya kuandikia vibao vya barabarani, ili kama bado anaweza, asome mwenyewe. Kama hawezi msomee, lakini mwulize kwanza.

Mjomba wako

DADA YANGU. NIMELIONA. NILIPOULIZWA NILIPASWA KUSEMA KWAMBA WEWE HUSEMI UONGO. NILILIJUA HILO SIKU ILE NA LEO NALIJUA. NJOO TULITAZAME. KAKA YAKO.


24 Februari

Mjomba, shikamoo.

Pole na unyapara. Mama aliposikia alisema, "Kwa ajili ya majani?" halafu akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Ukurasa wake nilimpa mkononi. Alikwenda nao dirishani akakaa muda mrefu, mara akiuinamia, mara akiupeleka pembeni, maana anasema pembeni ndiko kulikobaki mwanga. Aligusa wino kwa kidole. Umeandika kwa nguvu mpaka karatasi imebonyea. Sikumwuliza kama amesoma. Alipomaliza aliukunja, akauweka ndani ya kile kitambaa.

Tunakuja. Nimeomba likizo na Lenzi amenipa, kwa masharti kwamba nirudi na mbegu.

Nauliza kila mara kama bado anaona. Anasema anaona. Anajipikia, anajivalisha, hagongi meza. Anaona kidogo, ndivyo anavyosema.

Mpwa wako


21 Aprili

Mpwa wangu,

Tangu mwondoke nyumba imekuwa kubwa. Shuka la mtoto limefuliwa, limechafuliwa, limefuliwa tena. Mke wangu anasema mama yako ameacha chumba kisafi kuliko alivyokikuta, na amelichukulia kama tusi.

Nakuandikia kwa sababu kuna kitu kinanizunguka kichwani. Wewe ulikuwepo, na wewe una masikio, basi nisaidie.

Siku ile nilivyoiona mimi ni hivi. Maua yalikuwa yamefunguka yote, sijapata kuona kitu kama kile, na sitaki kukieleza zaidi. Nilimshika mama yako mkono kushuka tuta. Alipiga magoti kwenye changarawe. Alipitisha vidole juu ya maua taratibu, akifika kwenye yale yenye ulimi anatulia, akifika kwenye yasiyo nao anatulia. Alitabasamu. Nikamwinamia nikamwuliza, dada, unaliona? Najua ninapouliza huwa napiga kelele, hata Kiberiti kule kwenye trekta aligeuka. Yeye akanitazama, akatikisa kichwa kukubali, na midomo yake niliisoma vizuri: "Naliona." Nililia, ulinishuhudia, usiniambie hukuona.

Nilikuwa na furaha wiki nzima. Nilikuwa najiambia, tumewahi. Tumepoteza miaka, lakini mwishoni tumewahi.

Halafu jana navaa shati kwenda kazini nikakumbuka. Mlipokuwa mnaingia basi alinishika kola, akakuambia kitu, nawe ukanipigia kelele sikioni kwamba anasema shati langu jeupe limenipendeza. Mpwa wangu, shati lile ni la kijani. Kijani kilichokolea. Nikakumbuka na kikombe, mke wangu alivyomwekea chai mkono wa kulia na yeye akapapasa kushoto. Nikakumbuka na pale kwenye tuta, aliponitazama akasema "naliona", alikuwa ananitazama begani.

Mimi sikusomea udaktari. Labda ni kola tu, labda jua lilikuwa kali. Lakini niambie ukweli, na umwulize yeye pia. Aliliona?

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba wangu, shikamoo.

Huku wazima. Mbegu za maua yaliyotangulia kuchanua zimefika salama na Lenzi ameziweka kwenye bahasha yenye jina la mama, kama aliyeziokota. Mama alipoambiwa alisema waandike vizuri basi, na akaniuliza mara mbili kama wameandika vizuri. Nyie nyumbani msalimiane wote, na mkaza mjomba mwambie kile chumba kilikuwa kisafi tangu mwanzo.

Nilimsomea barua yako. Alikuwa kitandani anakunja nguo, zilizogeuka ndani nje anazijua kwa mshono. Nilipofika kwenye shati alisema, "Lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lazima lilimpendeza," akaendelea kukunja. Nilipofika kwenye swali lako akaacha.

Kisha akasema jambo ambalo hakuniambia niliandike, nami naliandika: "Ningeweza kwenda mwenyewe mwaka wowote. Nilikuwa na macho, nilikuwa na nauli. Ningekwenda mapema kabla hawajafyeka, nikalingoja. Nilikaa hapa nikingoja aje yeye." Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa soksi aliyokuwa ameishika.

Halafu akaniambia nichukue kalamu, niandike maneno yake, nisiongeze wala nisipunguze. Haya hapa:

"Kaka. Nimeulizwa mbele ya shahidi, kama ulivyoulizwa wewe. Nililiona. Lilikuwa buluu kuliko uzi wangu wote. Sasa mwambie Kiberiti ashushe visu afyeke, mbegu zimeshaanguka."

Nimeandika kama alivyosema, Mjomba. Mimi usiniulize tena.

Mpwa wako